Nimefungua kabati la simu la zamani Jinja. Kwa nini mafundi wa zamani walipanga waya vizuri kuliko sisi?

#1 FundiKiira
Ndugu zangu, salaam. Nina swali ambalo linanisumbua tangu Jumanne.

Nimepewa kazi ya kung'oa waya za simu za zamani kwenye ghala moja hapa Jinja, karibu na reli, ili tupitishe kebo za mtandao za Cat 6 na faiba. Kwenye chumba cha mlinzi kuna kabati la chuma la kijivu, bawaba zimeshika kutu. Nilitegemea kukuta viota vya nyigu. Nilipofungua nikabaki nimesimama. Waya zaidi ya mia mbili zinashuka kutoka juu kama nywele zilizosukwa, zimefungwa kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo, na kila fundo limeachana na mwenzake upana wa vidole vitatu. Hakuna waya iliyovuka mwenzake bila sababu. Nyuma ya mlango kuna karatasi iliyoandikwa kwa wino: jozi hii ofisi ya mizani, hii kwa mhasibu, hii haitumiki. Nikapima jozi tatu za waya kwa mita ya umeme. Zote tatu zinapitisha mpaka mwisho.

Hatua nne kutoka hapo kuna raki ya intaneti, haina hata miaka mitano. Ukifungua mlango, pachikodi, zile kebo fupi za kuunganishia, zinakumwagikia miguuni. Lebo hakuna. Swichi moja ya mtandao imening'inia kwa waya zake yenyewe. Mlinzi ananiambia fundi akija huwa anachomoa moja moja, kisha anasikiliza nani analalamika.

Sisi tuna vifaa bora kuliko vya wale wazee. Dai langu ni hili: vifaa vyenyewe ndivyo vilivyotuharibia. Kuunganisha kulipokuwa rahisi, kupanga kukafa. Nipingeni.

#2 KijanaKisenyi
Ni pesa tu, ssebo. Mimi nalipwa kwa pointi, yaani kwa kila tundu la mtandao. Mwenye duka ananiita saa nne asubuhi, anataka kompyuta kumi ziwe hewani kabla ya saa kumi jioni, na bado anapunguza bei. Nikianza kusuka waya kama nywele za bibi harusi, nitarudi nyumbani na nauli ya boda tu. Yule mzee wako alikuwa na mshahara wa mwezi.

#3 DadaPachi
Napinga #1 na #2 pamoja.

FundiKiira, liangalie hilo kabati tena kesho. Utaona lina pande mbili. Upande mmoja kebo inatoka nje, imefungwa na haiguswi. Upande wa pili kebo inakwenda ndani ya jengo, nayo haiguswi. Katikati kuna waya nyembamba za jampa, na hizo ndizo zinazohamishwa mtu akihama ofisi. Kwenye vituo vya simu mpangilio huo ndio fremu kuu, na uvumbuzi wenyewe uko hapo: kutenganisha kinachotulia na kinachohama.

Sisi tunao ule ule, unaitwa pachi paneli. Kebo ya ukutani inaishia nyuma ya paneli na haiguswi tena, pachikodi fupi inatoka mbele kwenda kwenye swichi. Lakini fundi wa kwanza akitaka kuokoa gharama ya paneli, anakrimpu kebo ya ukutani, yaani anaibania plagi, na kuichomeka moja kwa moja kwenye swichi. Kuanzia siku hiyo kila kitu kinahama. Kifaa kipo, kimerukwa.

#4 MzeeJampa
FundiKiira, nimeisoma mara mbili na nimekumbuka mengi. Nilianza kazi ya waya enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Nikaendelea na UPTC, shirika la posta na simu la Uganda, mpaka ilipogawanywa 1998. Uzi huo wa nta nimeufunga kwa mikono hii.

Kijana wa Kisenyi, mshahara ni sehemu ya jibu lakini sio lote. Sisi tulifundishwa kupanga kabla ya kufundishwa kuunganisha. Wiki za mwanzo hakuna simu wala mita. Unapewa kipande cha kebo ya jozi 25 na ubao uliopigwa misumari. Unaichanua kebo, unalaza kila jozi kwenye msumari wake, unafunga. Mwalimu anapita na mkasi, anakata mafundo yako yote, anasema anza upya. Siku ya nne mkono unajua wenyewe.

Na lile fundo lina akili. Kila kitanzi kinajikaza chenyewe. Ukikata fundo moja, majirani zake hawafunguki. Uzi ni laini, kwa hiyo hauumi ganda la waya, na nta inauzuia usiteleze.

Halafu rangi. Waliobuni mpango wa rangi walitumia tano mara tano. Kundi la kwanza: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Kundi la pili: buluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu. Unaoanisha, unapata jozi 25 na hakuna inayofanana na nyingine. Kebo ikiwa kubwa, kila kifungu cha jozi 25 kinazungushiwa nyuzi za rangi mbili kwa utaratibu ule ule. Niulizeni jozi ya 217. Ni kifungu cha tisa, nyuzi nyekundu na kahawia. Ndani yake ni jozi ya 17, njano na machungwa. Unaipata gizani kwa kurunzi, bila karatasi.

Tuliimba: bu, ma, kija, kaha, kiji. Herufi ya kwanza haitoshi kwa Kiswahili, maana kijani, kahawia na kijivu zote ni K.

#5 MkongoArua
Mzee, hiyo hesabu ya 217 nimeikagua kwa kalamu. Ni kweli kabisa. Shikamoo.

#6 KijanaKisenyi
Shikamoo mzee. Sikujua hayo ya rangi. Mimi nilidhani ile kusokotwa kwa waya mbili mbili kulikuja na kompyuta ili kebo iwe nyembamba.

Na je, zile plastiki nyeupe zenye meno ndani ya makabati ya zamani, zinazoitwa krone, ni sehemu ya huo mpango wa wazee au zilikuja baadaye?

#7 MwalimuTororo
KijanaKisenyi, kusokota kuna umri mkubwa kuliko redio. Alexander Graham Bell aliandikisha hataza ya waya zilizosokotwa mwaka 1881. Nafundisha fizikia, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Waya mbili zikikimbia sambamba karibu na waya ya umeme, ile iliyo karibu zaidi inapokea kelele nyingi kuliko mwenzake. Tofauti hiyo ndiyo mlio unaousikia kwenye simu. Ukizisokota, kila sentimita chache zinabadilishana nafasi. Hapa hii iko karibu, pale ile iko karibu. Mwisho wa safari zote mbili zimepokea kelele karibu sawa, na kwa kuwa simu inasikiliza tofauti tu, kelele inajifuta. Kwenye nguzo za zamani walifanya vilevile bila kusokota: baada ya nguzo kadhaa, waya ya kushoto ilivushwa kulia. Mkiwahi kuona nguzo yenye waya zilizopishana, haikuwa makosa ya fundi.

Kwa hiyo, DadaPachi, mpangilio haukuanzia kwenye fremu. Ulianzia ndani ya jozi yenyewe. Kijana anayefungua msokoto sentimita tano ili akrimpu kwa raha ameshaharibu kazi ya Bell. Kwa kebo ya mtandao ya Cat 5e mwisho wa kufungua msokoto ni milimita 13, basi.

#8 DadaPachi
Nimjibu kijana kuhusu krone, maana kazi yangu ya kwanza Kampala ilikuwa ni kuzigonga hizo.

Zamani kuunganisha waya kulikuwa na hatua tatu: unachuna ganda, unazungusha kwenye skrubu au unatia solda, unakagua. Mia mbili mara mbili, hesabu mwenyewe ni siku ngapi. Marekani, Western Electric walitoa bodi ya 66 mwaka 1962, unaikandamiza waya na ganda lake ndani ya mdomo wa chuma, chuma kinakata ganda na kushika shaba. Wajerumani wa kampuni ya Krone, Berlin, wakaja na yao inayoitwa LSA. Herufi hizo tatu kwa Kijerumani maana yake ni bila solda, bila skrubu, bila kuchuna. Jina lenyewe ni orodha ya kazi walizoziondoa.

Chukua moja mkononi uiangalie kwenye mwanga. Ndani ya kila mdomo kuna vipande viwili vya chuma vilivyolala mshazari, digrii 45 kwa waya. Waya ikishuka, vinajipinda kidogo kama chemchemi na kuibana kutoka pande mbili bila kuikata. Pale vinapogusa shaba hakuna hewa inayoingia, ndiyo maana kutu inachelewa. Ukigonga vizuri unasikia milio miwili kwa pamoja, ta-ka: wa kwanza ni waya kukaa, wa pili ni mkasi wa pembeni kukata mkia. Mlio mmoja tu ujue mkia haujakatika, au umegeuza kifaa.

Onyo kutoka kwangu: msigonge kwa bisibisi. Bisibisi inapanua ule mdomo, na haurudi. Leo inashika, baada ya miezi inaanza kukatika na kurudi, na hutajua ni mdomo upi.

#9 AfandeBombo
Mzee Jampa umetaja rangi, nami nina ushahidi.

Nilikuwa kwenye mawasiliano jeshini. Tulikuwa kambini kaskazini, mvua inanyesha, tunaunga kebo ya jozi 25 kati ya mahema. Mwenzangu yuko upande wa pili na simu ya kambi, mimi namtajia rangi, yeye anashika. Nikasema nyeupe na buluu. Mvua ilimeza nusu ya neno. Akasikia nyeusi na buluu.

Kwa hesabu ya mzee, nyeupe-buluu ni jozi ya 1 na nyeusi-buluu ni jozi ya 11. Siku mbili nzima simu ya ofisi ya mkuu ilikuwa inalia jikoni.

Baada ya hapo tukaweka amri: hakuna kusema nyeupe, nyekundu wala nyeusi kwenye waya. Unasema maziwa, damu, makaa. Hatukukosea tena. Yule aliyepanga rangi hakuwa akiongea Kiswahili, zote tatu kwetu zinaanza na nye.

#10 BusiaMpakani
Afande, sasa nimeelewa kwa nini wapishi wa jeshi wanajua habari kabla ya maofisa.

#11 AfandeBombo
@BusiaMpakani wale wapishi walipokea simu kwa heshima sana, na ujumbe wote ulifika. Usiwaseme.

#12 MamaFaiba
Nimechelewa, nilikuwa juu ya nguzo Mbarara.

Naunga mkono #1 nusu. Kifaa kikikurahisishia, unalegea. Lakini njooni kwenye faiba muone kifaa kinachokukataza kulegea. Kioo chenyewe ni mikromita 125, na njia ya mwanga katikati ni kama 9 tu. Ukikikunja sana huenda kisikatike, ila mwanga unatoka pembeni na mteja anakosa huduma huku kila kitu kinaonekana kizima. Kwa hiyo walibuni trei: kisahani cha plastiki chenye mkondo wa mviringo, unazungusha faiba humo mizunguko miwili au mitatu, na mviringo wenyewe hauwezi kuwa mdogo kuliko unaoruhusiwa. Kiungo kinakaa kwenye mfereji wake. Trei zinapangwa juu ya nyingine kama kurasa za kitabu, unafunua moja bila kugusa ya chini.

Pale mpangilio sio hiari ya fundi. Umetengenezwa ndani ya kifaa.

Na mzee atafurahi: rangi za faiba ni 12, na kumi za kwanza ni zile zile zake. Buluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Wakaongeza waridi na rangi ya maji ya bahari. Aliyejua kebo ya shaba hahitaji kujifunza upya.

#13 MzeeJampa
MamaFaiba, nimefurahi kweli. Sikujua kuwa walizihifadhi.

#14 MkongoArua
Mnasahau mtu mmoja. Kabla ya yote haya, waya zote za simu za mji ziliishia mbele ya dada opereta anayeunganisha laini kwa kuchomeka kwa mkono. Aliyemwondoa ni Strowger, mzika wafu wa New York. Alishuku opereta anawapeleka wateja wake kwa mshindani, akabuni mtambo unaojichagulia wenyewe. Mimi nadhani utaratibu ulizaliwa hapo, maana mashine haina kumbukumbu ya kubahatisha kama mtu. Kila waya lazima iwe na namba.

#15 MwalimuTororo
Sahihisho: Almon Strowger alikuwa Kansas City, sio New York. Hataza yake ni ya 1891, na kituo cha kwanza kilichotumia mtambo wake kilifunguliwa La Porte, Indiana, mwaka 1892. Kuhusu kazi yake ya kuzika wafu uko sahihi.

Lakini hoja yako siikubali. Namba zilikuwepo kabla yake. Bodi ya kwanza ya biashara ya kuunganishia simu ilifunguliwa New Haven, Connecticut, Januari 1878, ikiwa na wateja 21. Bodi zilipokua mpaka mamia na maelfu ya matundu, dada wale walikuwa na utaratibu kuliko sisi sote.

#16 MzeeJampa
Mwalimu amesema kweli, na mimi nilizirekebisha hizo bodi. Kuna kitu kimoja chini ya meza ambacho watu hawakioni. Kila kamba ya kuchomekea ilipita kwenye kapi lenye uzito. Dada akichomoa, uzito unaivuta kamba na kuirudisha kwenye tundu lake, imenyooka, tayari kwa simu inayofuata. Kamba nyingi mbele yake na hakuna inayosokotana na nyingine, kwa sababu kila isiyotumika inarudi nyumbani yenyewe.

FundiKiira, rudi kwenye ile raki yako ya pachikodi. Ni kamba zile zile, kazi ile ile. Kilichoondolewa ni uzito.

#17 DadaPachi
Hii ya uzito nimeisoma kwa sauti ofisini. Wote wamenyamaza.

Ndiyo maana nakataa kununua pachikodi za mita tatu kwa raki ya mita moja. Urefu unaozidi hauna pa kurudi. Nunueni za nusu mita na za mita moja.

#18 KijanaKisenyi
Mimi nafunga zile ndefu kwa tai za plastiki, nakaza mpaka zinatulia. Si ndiyo uzi wa nta wa kisasa?

#19 MamaFaiba
Usikaze! Hapo ndipo ubaya ulipo.

Tai ya plastiki ilibuniwa na Maurus Logan wa kampuni ya Thomas & Betts, aliyeiombea hataza 1958. Alitembelea kiwanda cha ndege cha Boeing akaona wafanyakazi wanafunga waya kwa uzi wa nta huu huu, vidole vimechanika na kuota sugu. Akawaonea huruma. Nia ilikuwa njema. Ila uzi unakazwa na mkono wa mtu, na mkono unasikia waya inapoanza kulalamika. Tai ina meno, inakwenda mbele tu, hairudi, na haisikii. Ukiikaza kwenye Cat 6 unaminya jozi zilizosokotwa, ule msokoto wa Bell unaharibika ndani ya ganda na nje huoni kitu.

Tumia velkro, ule mkanda wa kunatana unaofunguka. Na ukishindwa, tai ilegee kiasi cha kupitisha kidole.

#20 FundiKiira
Nimerudi kutoka ghalani. Asanteni sana, naona mmenipinga vizuri.

DadaPachi, kweli, kabati lina pande mbili na jampa katikati. Jampa ni nyeupe na nyekundu zote, nimehesabu 31 zilizounganishwa. Nikafuata karatasi ya mlangoni, 29 ziko pale karatasi inaposema. Mbili zimehamishwa na aliyehamisha amekata mstari juu ya maandishi ya zamani akaandika upya, mwandiko tofauti. Kwa hiyo hata mtu wa pili aliheshimu karatasi. Hilo limenigusa kuliko mafundo.

Niongeze swali: RJ45, ile plagi ya kebo ya mtandao, tuiweke wapi kwenye lawama? Naona imeleta vurugu nyingi kuliko krone, maana kila mtu anaweza kuikrimpu.

#21 MkongoArua
RJ45 sio jina la ile plastiki, ndugu. RJ ni utaratibu wa usajili wa Marekani miaka ya 1970, unaoeleza waya zipi ziende tundu lipi ili mteja achomeke simu yake mwenyewe bila kumwita fundi wa kampuni. RJ45 halisi ilikuwa ya modemu na ina jino pembeni. Hii tunayokrimpu ni plagi ya nafasi nane na miguso minane. Jina limeshaganda lakini, hata mimi dukani naomba RJ45.

Na hapo mtaona kwa nini ilienea: ilibuniwa ili mtu asiye fundi achomeke. Tukampa asiye fundi na kazi ya kuikrimpu.

#22 AfandeBombo
Na ile vita ya A na B, mipangilio miwili ya rangi za waya kwenye plagi? Nimekuta jengo, ghorofa ya kwanza wamepanga T568A, ya pili T568B. Tofauti ni jozi ya machungwa na ya kijani kubadilishana nafasi tu. Zote zinafanya kazi. Lakini kebo moja ukianza na A ukamaliza na B umetengeneza kebo ya kuvusha, na swichi za zamani zinaikataa. Anayechanganya hajui amefanya nini, anasema swichi imekufa.

#23 MwalimuTororo
Niruhusuni niharibu sherehe kidogo, kwa nia njema.

Tunalinganisha kabati moja zuri lililobaki na raki zote za leo. Makabati mabaya ya zamani yaling'olewa zamani, hatuyaoni. Kama wazee wote walikuwa na utaratibu, tafuteni picha ya mnara wa simu wa Stockholm, uliomalizika 1887. Laini kama 5,500 zilikuwa zinaruka juu ya mapaa ya mji kuelekea mnara mmoja, anga imekuwa kama utando. Waya zilishuka chini ya ardhi kwa sababu anga ilijaa.

Na hata unadhifu una mpaka wake. Kebo 40 za Cat 6 zikichanwa kwa kitana na kulazwa sambamba, zimebanana mita nyingi bila kubadilishana nafasi, zinaanza kupeana kelele kebo kwa kebo, hasa kwenye kasi ya gigabiti 10. Kwa kazi hiyo fungu lililolegea linaweza kufanya vizuri kuliko fungu linalopendeza kwenye picha. Macho na ishara havikubaliani kila mara.

#24 MzeeJampa
Mwalimu, hilo la makabati mabaya nalikubali, nimeyaona. Kulikuwa na kiungo kimoja chini ya barabara, siwezi kusema mji gani, kebo ya zamani yenye ganda la risasi na waya zilizovikwa karatasi. Aliyekiunga hakufunga risasi vizuri. Mvua ya kwanza maji yakaingia, karatasi ikanyonya kama utambi, na mtaa mzima ukaanza kusikilizana. Tulikaa ndani ya shimo lile siku tatu tukikausha karatasi na kuunga upya jozi moja moja. Leo kidude cha 3M chenye jeli, unaingiza waya mbili bila kuchuna, unaminya kwa koleo, maji hayaingii. Kwa kazi ya shimoni ningekipenda sana wakati ule. Kwa hiyo sisemi zamani yote ilikuwa nzuri.

Nasema fundi aliyefanya vibaya alijulikana. Jina lake lilikuwa kwenye kadi ya kiungo.

#25 MkongoArua
Mimi nadhani mnazunguka jambo kubwa zaidi. Celtel 1995, MTN 1998. Ndani ya miaka michache Uganda nzima iliruka waya ikaenda kwenye simu za mkononi. Kabla ya hapo laini za mezani zilikuwa chache sana kwa nchi hii. Wazee kama MzeeJampa wakastaafu bila mwanafunzi, kwa sababu hakuna aliyetaka kujifunza waya. Kisha 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, intaneti ikashuka bei, ofisi zote zikataka waya tena kwa haraka. Waliozifunga walijifunza kwa kuangalia. Mnyororo ulikatika katikati.

#26 KijanaKisenyi
Mkongo, wewe umenieleza mimi. Mwalimu wangu alikuwa jamaa aliyejifunza wiki mbili kabla yangu.

#27 DadaPachi
Bado nasema ni paneli. Mimi pia nilijifunza kwa kuangalia, lakini niliangalia raki yenye paneli. Kifaa kilinifundisha.

#28 BusiaMpakani
Nyie mnabishana mafundo, huku kwetu wanauliza bei ya kilo. Shaba ya zamani haikai juu ya nguzo. Na sio jambo la jana: wakati wa kujenga reli, waya za telegrafu kule Nandi zilikuwa zinakatwa kuwa mapambo, na eneo lile lilihesabiwa Uganda mpaka 1902. FundiKiira, hilo kabati lako litaishia wapi?

#29 FundiKiira
Ndilo linaloniuma. Mteja anataka ukuta uwe wazi kufikia Ijumaa. Nimemwomba aniachie kabati lenyewe pamoja na karatasi ya mlangoni, amekubali. Nitalitundika kwenye chumba ninachofundishia vijana wangu wawili.

Raki mpya nimeamua nipange kwa pande mbili, paneli juu, swichi chini, pachikodi za nusu mita. Na nataka fungu kuu la nyuma nilifunge kwa uzi wa nta, kwa kulegeza kama Mwalimu alivyosema. Nimezunguka maduka ya umeme Jinja yote, wananipa tai za plastiki. Nani anajua unauzwa wapi?

#30 BusiaMpakani
Acha maduka ya umeme. Nenda kwa fundi viatu. Ule uzi mnene anaoshonea soli anaupitisha kwenye nta kwanza. Kampala utaupata soko la Owino kwa wauza ngozi, rola nzima.

#31 MzeeJampa
Ni kweli, tuliwahi kuutumia ule ulipokuwa umetuishia. Chukua ule bapa kama upo, sio wa mviringo, wa mviringo unakata ganda. Na ukifunga, kidole gumba kikae juu ya waya wakati unavuta. Ukianza kuumia wewe, waya imeshaumia.